Bi Makosa na Dripu

Mfagizi wa wodi aliyolazwa mama hutazama kichekesho cha hospitali kwenye runinga akiwa ameegemea dekio lake. Watazamaji wenzake wakicheka, yeye hunyoosha kidole: "Jamani, bandeji ilikuwa mguu wa kulia! Imehamaje?" Wagonjwa humwita Bi Makosa. Jana aliiacha runinga ghafla, akaitazama dripu ya mama. "Mwanangu, hii haijashuka tangu kipindi kianze." Mkono wa mama ulikuwa umevimba. Alitupa dekio, akamkimbilia muuguzi, sindano ikahamishiwa mkono wa pili. Kwenye runinga, bandeji ikahama tena.

"Bi Makosa, mbona hutuambii?" mgonjwa mmoja akauliza.

Hakugeuka. Alikuwa anahesabu matone ya dripu ya mama, midomo ikicheza bila sauti.