Mkate Uliovuka Barabara

Yule fundi wa giaboksi pale mjini Osh alikuwa hagusi mkate kwa mikono ya oili. Mteja akiingia, aliacha kila kitu, akanawa kwa sabuni na mchanga mpaka viwikoni, ndipo akammegea, maana kwake mtu haondoki bila kuonja mkate. Oili chafu aliisugua kati ya vidole, akainusa, akaguna kama aliyeonjeshwa mchuzi uliochacha. Emilbek alikuwa mteja wake wa miaka nenda miaka rudi. Lakini safari hii, oili ya giaboksi ilipotaka kubadilishwa, alifika karibu na kontena alimofanyia kazi fundi, akakata kona ghafla, akaingia gereji mpya ya vioo ng'ambo ya barabara. Shemeji yake alikuwa amemcheka: "Gari zuri hivi, unampelekea yule mzee wa kwenye kontena?" Emilbek akajikunyata kwenye kiti cha wateja, kofia ameishusha hadi machoni.

Mlango ukafunguliwa. Fundi aliingia na mkate juu ya kitambaa cheupe.

"Onja, mdogo wangu," alisema kwa sauti yake ile ya chini, kama anayebembeleza injini.

"Kaka, mimi... nilikuwa napita tu."

"Onja. Vijana hawa wazuri, watakutengenezea vizuri."

Emilbek alimega kipande, akakitia mdomoni. "Umejisumbua bure, kaka."

"Wala." Mikono ya fundi ilikuwa bado inachuruzika maji. "Nililiona gari lako likija, nikawahi kunawa."