Miguu ya Katungu Mlangoni

Kwa miaka mingi Katungu Hulda aliingia katika klabu ya Wazungu wa Butembo kama kabichi: kwa mlango wa nyuma, moja kwa moja jikoni. Alikuwa muuza mboga wa mtaa wa Kimemi, mke wa mwinjilisti, na kitunga chake alikibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu peke yao. Hilo halikuandikwa popote. Mbwa wao ndiye aliyelisimamia.

Uhuru ulipokuja, Wabelgiji wengi waliondoka, na mbwa akaondoka nao. Klabu ikawa ya wakubwa wa serikali, waliokalia viti vilevile na kulalamikia mvua ileile. Mwaka 1961 wakaandaa karamu ya kupatanisha weusi na weupe, na Katungu akaagizwa kabichi. Akaja nazo mlango wa mbele. Alikuwa ameapa kutopita nyuma tena, hata kama klabu ingeacha kununua kwake.

Msimamizi, Apollinaire, kijana wa Kasai mwenye tai, akamzuia.

"Mama, hapana hapa. Mulango ya mboga iko nyuma."

"Ile ilikuwa ya Babelgi, mwanangu. Balisha kwenda."

"Mais règlement, sheria ya klabu, haikuenda nabo."

"Basi niko nangoya iende."

Akatua kitunga, akaketi kizingitini na kunyoosha miguu kutoka mwimo hadi mwimo. Apollinaire akaona hatari. Kuruka miguu ya mama aliyeketi ni tusi ambalo mtu wa Butembo halithubutu, na hata kwao Kasai angeulizwa alilelewa na nani.

Wageni wakafika. Administrata Laurent, mkuu wa wilaya kutoka Beni, alikuja na hotuba yake ya udugu kwapani. Akasimama. Nyuma yake wakasimama walimu, kisha askari.

"Mama, kunja miguu kidogo," Laurent akasema.

"Imechoka, baba. Ilipita nyuma miaka mingi."

"Tupitie jikoni basi," mwalimu mmoja akasema. Laurent alimtazama kama mtu aliyependekeza Wabelgiji warudi.

Ndipo akaja Madame Yolande, mjane Mbelgiji mwenye shamba la kahawa, mmoja wa wachache waliobaki. Wote walingoja aruke, kwani Wazungu huruka. Yeye akaitazama ile miguu, akaketi kando ya Katungu na kunyoosha ya kwake.

"Sasa mulango imefungwa muzuri," Katungu akasema.

"Kabichi yako nimekula miaka mingi. Unaitwa nani?"

"Katungu Hulda."

"Nilipashwa kukuuliza zamani."

"Ndiyo, Madame. Ulipashwa."

Laurent, ambaye njaa ilimzidi, akafanya uamuzi wake wa kwanza wa maana tangu ateuliwe. "Apollinaire, ingiza bamama."

Apollinaire akawashika mikono, akawainua wote wawili. Alipotaka kumpokea Katungu kitunga, mama akakataa. Akajitwika mwenyewe, akaingia wa kwanza, akavuka ukumbi polepole na kukitua juu ya meza kuu, katikati ya maua. Kisha akavuta kiti.

Tangu wiki hiyo wauza mboga wote wa Kimemi walipitia mbele, na wakubwa wakazoea kuinua chupa zao ili kabichi zipite.