Siku shangazi yangu alipotakiwa ataje samaki wasio na vichwa pale feri ya Kilifi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Haya yalitokea miaka ya themanini, na mwenye kosa ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Nilikuwa nakaa Malindi, nimeoa, na kazi ya jikoni hotelini ilikuwa imekwisha pamoja na msimu wa watalii. Shangazi yangu, Bi Zamu, mjane, akanichukua kwenye biashara yake ya samaki. Tulikuwa tunawapanga kwenye sanduku la barafu na kuwapeleka Mombasa kwa pikapu. Leseni ya kusafirisha ilikuwa kwa jina lake, na ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

Shangazi alikuwa na masharti yake.

Samaki anatolewa matumbo na matamvua, basi. Tumbo linajazwa barafu, analazwa kifudifudi, na sanduku lazima liwe na tundu la kutolea maji, maana alikuwa akisema samaki akishakufa hana ruhusa ya kuogelea tena. Kichwa na ngozi haviguswi mpaka mwisho wa safari.

Nilipomuuliza sababu, akasema ndiyo sheria ya bwana samaki. Kwa msiojua, huyo ni afisa wa serikali wa mambo ya uvuvi.

Mimi moyoni nikaona ni ushamba tu. Hotelini mpishi wa Kizungu alikuwa amenifundisha kutoa fillet safi, haina mfupa, haina ngozi. Kwa kisu nilijiona profesa.

Basi siku moja Shangazi akaenda mazikoni Marafa, akaniachia samaki niwatengeneze.

Wakuu, niliwachuna wote. Tewa, changu, kolekole, wote minofu mitupu. Vichwa nikawagawia majirani, wakanisifu sana. Sanduku likabaki na nafasi tele, barafu ikatosha na kusaza. Nikalipigilia misumari.

Shangazi alirudi asubuhi tukiwa tayari kuondoka. Hakulifungua. Aliniamini.

Enzi hizo Kilifi hakuna daraja, unavuka kwa feri. Tukiwa foleni, bwana samaki akaja kukagua. Akafunua sanduku, akageuza kipande kimoja, akauliza hawa ni samaki gani.

Nikajibu mimi, tena kwa mbwembwe. Hakunitazama hata. Alimwambia Shangazi kwamba mnofu usio na ngozi unaweza kuwa wa samaki yeyote, hata bunju.

Bunju ana sumu, na Pwani hakuna asiyesikia habari za chungu kimoja kumaliza nyumba. Bwana samaki akaomba leseni, akaitia mfukoni mwake.

Shangazi alinitazama mara moja tu. Mpaka leo natamani angenitukana.

Akaomba maji, akanawa mikono, akamwambia bwana samaki ampe kipande kimoja kimoja.

Wakuu, sijui niielezeje hii. Alikuwa anakibonyeza kwa kidole gumba, anapitisha ukucha kwenye mistari ya nyama, ananusa, anataja. Tewa. Changu. Kolekole. Mimi niliyewachuna nilikuwa nafuatisha kimoyomoyo, na vingine alivitaja kabla sijakumbuka mwenyewe. Hakukosea.

Alipopewa kimoja cha chini kabisa, akasema mwenzake ameshapita mikononi mwake. Akapekua vile vya mwanzo, akatoa kimoja, akaviweka mgongo kwa mgongo. Vikaingiana. Ubavu wa kulia na wa kushoto wa samaki yule yule.

Watu wa foleni walikuwa wamesogea kutazama. Tangu utoto nimelishwa na mikono ile, wala sikujua imebeba elimu gani.

Kikabaki kipande kimoja cha mkiani, kidogo. Akakibonyeza. Akanusa. Akarudia tena.

"Hiki sikijui," akasema.

Mimi nilikijua! Nilikiharibu mwenyewe kwa kisu. Nikaropoka, "Ni cha tewa, Shangazi, nimemchuna mimi."

"Wajua wewe, mwanangu," akaniambia taratibu. "Mkono wangu haukijui." Akakitupa majini.

Fikirini, wakuu. Riziki yake iko mfukoni mwa mtu, na neno moja tu lingetosha.

Bwana samaki akatoa ile leseni, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hayo majina mengine sina njia ya kuyahakikisha," akasema. "Lakini ungetaja na hicho, nisingekupitisha."

Akatuonya safari nyingine samaki waje na vichwa vyao. Tulipofika ng'ambo ndipo Shangazi aliponiuliza kama majirani waliifurahia supu ya vile vichwa.

Nilichojifunza: samaki wa safari mwachie kichwa na ngozi, hivyo ndivyo vitambulisho vyake. Na anayejua kweli haoni haya kusema hajui.

Wenzangu wa Pwani, hasa mliokulia kwenye nyumba za samaki, mmewahi kuona mikono kama ile? Na wenye kupinga pia karibuni.

Mimi nimechuna samaki miaka mingi tangu siku ile. Na kile kipande cha mkia, nikikumbuka alivyokibonyeza mara mbili, siwezi tena kuapa kwamba kilikuwa cha tewa.