Nyumba ya Warumi kwenye Vyungu vya Mama

Shaba ikiyeyuka ina harufu kali inayokaa kooni, na mpaka leo nikiisikia kwa mhunzi ninarudi Kasongo, kwenye ua wa Mwinyi Salumu, aliyetukamata utumwani, mama na sisi wanawe, upande wa Kabambare nikiwa sijaota meno ya pili. Kiangazi kimoja alileta kutoka pwani gunia la shaba kuukuu, iyeyushwe iwe bangili za kununulia pembe za ndovu. Ndani mlikuwa na vipande vya duara, vyeusi, vizito. Fundi wake, Mwarabu mmoja Mshihiri, alituambia ni sarafu za Warumi wa kale. Kila mji ulipiga zake, sura ya mfalme upande mmoja. Sijapata kuona kazi kama ile. Kwenye kipande kisichojaa kiganja cha mtoto upande wa pili palikuwa na nyumba nzima, nguzo zake, paa lake, hata ngazi za mlangoni.

Mama yangu ndiye aliyefinyanga vyungu vya ua ule. Nyapara Feruzi, namtaja ili ajulikane, alikuwa amemwambia: vyungu vyako havinunuliwi, msafara ukiondoka utabeba pembe mpaka Ujiji, watoto watabaki. Waliokwenda Ujiji hatukuwaona tena. Mama akamwomba fundi sarafu moja kabla haijaingia motoni, akaigandamiza kwenye udongo mbichi, shingoni mwa chungu, sura ikifuata sura, mpaka mfalme akakizunguka chote.

Feruzi akaja, akainama kutazama.

"We mama, hii iko mutu! Unaweka sanamu kwenye chombo cha Waislamu?" Akanyanyua mguu akivunje.

"Ngoja, bwana nyapara." Mama akazifuta sura kwa kidole kilicholowa, akaigeuza sarafu, akagandamiza upande wa nyumba. "Tazama. Nimemufukuza mwenye nyumba, nimebakisha nyumba. Si ndivyo munafanya kwetu?"

Mshihiri akacheka mpaka akaacha mvukuto. Feruzi akaona haya, akacheka naye. "Ulimi wako utakuua, mama."

Vyungu vile wake za mabwana walivigombania. Msafara ukaondoka, mama akabaki nasi.

Siku hizi sokoni Kasongo tunatumia sarafu ya shaba ya Serikali, ina tundu katikati, hakuna cha kutazama. Feruzi amelala kwenye kaburi lililopakwa chokaa, na vijana wa mjini wanajisifu kwamba mabwana wale walituletea ustaarabu. Ni kweli, niliuona: waliuleta kwenye gunia, wakauyeyusha. Mama yangu amezeekea jikoni kwangu, na jana tu amenigombeza kwamba nimezidisha chumvi.