Kinu cha Bibi Hewani

Juzi nilipita sokoni Kasuku, karibu na kijana anayetengeneza simu, na moshi wa risasi anayounganishia nyaya ukanigusa pua. Nikasimama. Ule ndio moshi wa nyumba yetu, rafiki yangu, na mpaka leo nikiusikia nageuka kwanza kuangalia ni nani ananitazama.

Baba alifanya kazi kwenye karakana ya treni, na jioni alitengeneza redio za Wazungu. Kwa vipuri walivyotupa alikuwa anaunda chombo chake mwenyewe cha kurusha sauti. Wakati ule wa Wabelgiji, mtu mweusi kukutwa na chombo kama hicho ilikuwa jela moja kwa moja. Alitaka tu ndugu yake kule Pangi amsikie.

Mawimbi yalikuwa yanatoka tayari, alinieleza, lakini matupu. Ilibaki modulata, ile sehemu inayopandisha sauti juu ya mawimbi. Aliiunda, ikavuma tu. Akaifumua, akaiunda upya, taa zake za kioo, zile za ndani ya redio, zikipasha moto chumba kizima. Kipaza sauti alikitoa kwenye simu kuukuu.

Jumamosi moja alasiri ikakubali, na baba hakujua. Alikuwa ameinama kukaza waya, kipaza sauti kimeelekea dirishani, na nje bibi anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mtaani kwetu kila mwanamke alijulikana kwa kinu chake. Bibi alipiga mbili nzito, kisha akagonga ukingo kidogo kushusha majani. Ungemtambua hata umefumba macho.

Jirani yetu karani, mwenye redio pekee mtaani, akatoka barazani kwake. Alikuja taratibu akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Mama, kinu yako iko mu redio yangu."

Bibi hakuinua kichwa. "Sombe njo sombe, mutoto yangu. Watu wote wanatwanga."

Baba alisikia kupitia dirisha. Hivyo ndivyo alivyojua kuwa kazi yake imefaulu. Kabla jua halijazama modulata ilikuwa vipande vipande, taa zimefukiwa chini ya jivu la jikoni. Mimi nililia. Baba alinawa mikono tu.

Jumatatu polisi akaja. Hakupiga hodi. Aligonga mlango wetu kwa kidole: mbili nzito, moja nyepesi. Akauliza ni nani anatwanga hivi. Uani bibi alikuwa anatwanga tatu sawasawa, kama mgeni kwenye kinu chake mwenyewe. Polisi alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akaenda mlango wa pili.

Nani alimfundisha mapigo yale? Karani? Au mke wake, aliyezoea kuja kwetu kuomba chumvi? Sijui. Wote niliendelea kuwasalimia huku nikiwachunguza macho.

Uhuru ukaja, karani akahama, baba akafa bila kurusha hewani hata neno moja. Siku hizi sombe inasagwa kwa mashine, na zote zinalia sawa. Huwezi kujua ni nyumba ya nani inapika. Bibi alipokuwa mzee sana nilimwomba atwange kama zamani, mara moja tu, nisikie. Nikamkumbusha kwamba Wabelgiji wameondoka. Alishika mchi, akatazama ukuta wa jirani.

"Wameenda," akasema. "Lakini redio iko."

Akatwanga tatu sawasawa.