Ukinenepa Njoo Umchukue

Admin, nifichie jina tafadhali, Tabora ni ndogo na wateja wangu wengi wamo humu humu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mjane, fundi cherehani huku Kanyenye. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka saba, na ndiye anayenifanya niandike huku machozi yananitoka. Kama na wewe ni wale wa kumwambia mtu "jamani umekonda, unaumwa?", nakuomba usome mpaka mwisho.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa mwili, mcheshi, anakula na kushiba. Asubuhi alilalamika kichwa kinamgonga, mchana akaanguka kazini, hakuamka tena. Wakasema ni presha. Hatukuwahi kupima hata siku moja, sisi tulijua unene ni afya.

Baada ya msiba nikaenda kupima na mimi. Presha juu, sukari nayo inanyemelea. Nesi akanizungushia futi tumboni kama ninavyowazungushia wateja wangu, akatikisa kichwa. "Mama, haya mafuta usipoyapunguza, huyo mtoto utamwachia nani?" Nilitoka pale sina raha. Nikaacha soda, nikaacha chapati za asubuhi, ugali nikaupunguza ukawa wa ngumi moja na mboga nyingi. Bodaboda tukaachana, nikawa natembea kwa miguu kutoka nyumbani Cheyo mpaka kazini Kanyenye, kwenda na kurudi. Jioni naruka kamba uani, binti yangu ndiye anahesabu. Nikisimama kupumua ananifokea, "Mama, bado kumi!" Tulicheka sana jioni zile. Presha ikashuka, kiuno kikatoka inchi arobaini na nne mpaka thelathini na tano, na magauni yangu nikayabana mwenyewe, moja baada ya jingine.

Yote isipokuwa moja. Gauni jeusi nililovaa siku ya kumzika mume wangu sikuweza kulitia mkasi. Hapo ndipo nilipokosea.

Misa ya mwaka mmoja ilifanyika kwao, kijijini huko Nzega, na kwa heshima nikalivaa gauni lile lile. Mama mkwe hakuwa ameniona tangu msiba. Nilipiga magoti nikamwambia shikamoo mama, hakuitikia. Alishika kitambaa kilichokuwa kinaning'inia kiunoni kwangu, akakikunja mkononi, akaanza kulia. "Mayo wane, mama yangu! Mkwe wangu, kumbe na wewe?" Wanawake waliokuwa wanapika wakaacha miko, wakageuka kunitazama.

Mnielewe, mama mkwe wangu si mtu mbaya. Kabla ya mume wangu alimzika binti yake, wifi yangu, aliyekonda taratibu huku anasema ni malaria tu, ni malaria tu, mpaka anaingia kaburini hajamwambia mama yake anaumwa nini. Kwa hiyo nilipomwambia, "Mama, ni mazoezi, na chakula nimepunguza makusudi," alinitazama kwa huruma. Mtu mwenye chakula akatae kula makusudi? Ulipoletwa ugali nikamega kidogo kama nilivyozoea, nikanawa. Nilimwona anavyoiangalia sahani yangu.

Tulipoaga, alimshika binti yangu mkono. "Huyu abaki. Nimezika wawili. Sitaki akuangalie unavyokwisha." Nililia, nikabembeleza, nikagombana hata na waliokuja kuamulia. Akasema, "Sikunyang'anyi, mwanangu. Ukinenepa njoo umchukue."

Nikaenda kupima kila kitu, pamoja na hicho mnachokifikiria. Sina ugonjwa wowote. Nikapeleka majibu kijijini, shemeji akamsomea mama yake mstari kwa mstari. Akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hata dada yako alikuwa na karatasi."

Huu ni mwezi wa nne sasa, na shule wameshamwandikisha huko. Najua mtasema niende ustawi wa jamii, niende polisi. Nimpeleke polisi mama aliyezika watoto wawili, kosa lake kumpenda mjukuu? Roho imekataa. Basi nimeanza kula. Nakula ugali sahani nzima, chipsi, soda mbili kwa siku, nakula sina njaa, natafuna huku nalia. Kamba ipo ukutani, hakuna wa kunihesabia. Wiki iliyopita nesi amenipima, presha imepanda tena. Akaniuliza, "Mama, umefanya nini?"

Jana binti yangu alinipigia kwa simu ya shemeji. Hata hakunisalimia. "Mama, umenenepa?" Nikamwambia ndiyo mwanangu, nimenenepa. Nikamsikia anakimbia na simu, "Bibi! Bibi! Mama amenenepa, anakuja!" Halafu akarudi kuniambia Jumamosi atanisubiri barabarani.

Saa hii nimekaa kwenye cherehani, gauni jeusi liko mapajani. Nimelijaribu, bado linanipwaya. Hili ndilo mama mkwe alilonipimia nalo, na najua ataanzia pale pale kiunoni kukamata kitambaa. Nikilibana pande mbili, kazi ya nusu saa tu, litanikaa, ataona limejaa, atanipa mwanangu. Lakini nitakuwa nimemdanganya kama wifi alivyomdanganya. Nisipolibana, nitarudi Tabora peke yangu tena, niendelee kula mpaka nimfuate mume wangu, na binti yangu abaki huko kweli.

Mkasi ninao mkononi tangu asubuhi. Nishaurini ndugu zangu, nilikate au nisilikate? Msichelewe kunijibu. Jumamosi kuna mtoto atakuwa amesimama barabarani anamsubiri mama yake mnene.