Theopista Huiuliza Mierezi Kwao Wapi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, ukungu umelala juu ya mtaa wa Pasua kana kwamba hauna kazi siku nzima. Theopista Mallya, 59, amechuchumaa kitaluni, pua yake karibu igusane na mche wa mwerezi usiozidi shubiri mbili. Jua likipanda, umande utakauka, naye hataona tena anachokitafuta.

"Huyu wa Rongai," anasema, akiuweka kulia. "Umande unamkalia matone matone. Huyu wa Usambara amelowa mwili mzima, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa."

Vitabu vinasema mwerezi ni mti mmoja. Theopista habishi. "Hata Wachagga ni kabila moja. Nenda Machame, pitia Rombo, kisha uniambie umesikia nini."

Mtaani wanaapa kwamba aliwahi kunusa penseli ya mwerezi ya bintiye Zita, akataja mpaka bonde mti ulikokatwa. Penseli haikukanusha.

Wiki iliyopita mvua ilifuta maandishi kwenye vibao, na miche 1,200 ya pande hizo mbili ikachanganyika; tangu hapo anaipanga upya kila alfajiri. Leo mchana lori linaipeleka ya Rongai kwao, upande mkavu wa mlima. Mwaka jana ilipelekwa huko ya Usambara, iliyozoea mvua, kwa makosa. Kati ya 400, ilipona 31.

"Akina mama wa kule walibeba maji kichwani miezi mitano," anasema taratibu. "Nilikwenda kuwapa pole, wakanipikia. Chakula kile nilikila kwa aibu. Sirudii."

Msimamizi wake, Jovin, anakuja akipiga miayo. "Shikamoo, Mama Zita. Bado?"

"Marahaba. Imebaki arobaini. Hii imenishinda."

"Itupie tu kwenye lori. Nani atajua?"

"Kiangazi kitajua, baba."

Miale ya kwanza ya jua inapita kati ya migomba ya jirani, na matone yanaanza kuzimika moja moja. Theopista anasimama, magoti yakilalamika, na kuisogeza ile arobaini mbali na mingine yote. Ataipanda kihambani, shamba lake la nyumbani huko Mwika, kila mmoja na kibao cha bati.

"Ikikua itajisema yenyewe."

"Baada ya miaka mingapi?" Jovin anacheka.

"Kumi na tano hivi. Njoo na mvi zako tuiulize. Kama mimi sipo, Zita nimeshamfundisha kuchuchumaa."